Barua, Vyeti na Usaili: Mazungumzo na Vijana Wanaotafuta Kazi

Haya ni mazungumzo yetu na vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi na masomo ya sekondari. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, pamoja na wazazi na walezi wao.

Tunajua wapo kati yenu ambao wameondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kuomba kazi na juu ya kujieleza mbele ya watu wanaoajiri. Sisi tunaozungumza nanyi tumeketi upande wa pili wa meza kwa miaka mingi. Ndio tunaofungua bahasha, kusoma barua, kuchuja majina na kuuliza maswali. Hivyo basi tutasema zaidi yale yanayotendeka upande ule, kwa sababu ninyi hamuuoni.

Vijana wengi wanadhani mwajiri anatafuta mtu anayependeza, mwenye suti na Kiingereza kinachotiririka. Sivyo ilivyo. Mwajiri ni mtu mwenye hofu. Anaogopa kumkabidhi mgeni funguo za stoo, au gari, au kabati la dawa, au watoto wa watu. Mbele yake kuna mtu ambaye hajawahi kumwona, na kwa muda wa nusu saa tu anatakiwa aamue kama anaweza kumwamini. Kumpendeza mwajiri, kwa jinsi tunavyoelewa sisi, ni kumrahisishia kazi hiyo ya kuamini. Kila karatasi unayomletea na kila jibu unalompa liwe ni jambo ambalo akitaka kulihakikisha atalikuta kama ulivyolisema.

Ushindani ni mkubwa, wala hatutawaficha. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji kwenye usaili katika uwanja mkubwa wa taifa jijini Dar es Salaam, ule ambao siku hizi unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nafasi zilikuwa 70. Waliofika walizidi elfu kumi, wakaketi kwenye viti vya mashabiki wa mpira kufanya usaili. Pigeni hesabu wenyewe: nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 140. Katika hali kama hiyo, mtu anayechuja maombi hatafuti kwanza sababu ya kukuchukua. Anatafuta sababu ya kukuweka kando ili rundo lipungue. Sababu hizo huwa ndogondogo mno: jina lisilolingana, barua isiyo na sahihi, cheti ambacho hakikuambatishwa. Ndiyo maana tunaanza na karatasi.

Karatasi zako

Chukua leo jioni cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha ufundi kama unacho, na kitambulisho cha taifa. Viweke sakafuni kimoja kando ya kingine na usome majina herufi kwa herufi. Utashangaa. Kwenye kimoja umeandikwa Athumani, kwenye kingine Athuman. Shuleni mwalimu aliandika majina mawili, kwenye kitambulisho kuna matatu, na la babu ndilo limekuwa la mwisho. Mwingine alibatizwa akiwa darasa la sita akabadili jina. Binti mwingine ameolewa na anatumia jina la mume. Kwako wewe hizo zote ni jina lako. Kwa mtu anayechuja ni watu wawili, naye hana nafasi ya kukupigia simu akuulize.

Tatizo hili lina dawa, ila dawa yake inachukua muda. Nenda kwa wakili au mahakamani upate hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Makosa yaliyo kwenye kitambulisho yapeleke ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Lakini ukisubiri mpaka tangazo la kazi litoke, siku kumi na nne za tangazo zitakwisha ukiwa bado kwenye foleni. Aliyepoteza cheti aripoti polisi, apate taarifa ya upotevu, kisha awasiliane na Baraza la Mitihani. Afanye hivyo sasa, kabla ya tangazo lolote.

Kazi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoanzishwa kutokana na marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007. Maombi hutumwa kwa njia ya mtandao, kwenye mfumo wao uitwao Ajira Portal, na kuomba ni bure. Matangazo yao husema waziwazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda. Wanataka cheti chenyewe. Pia barua ya maombi lazima iwe na sahihi. Kila mara wapo wanaoachwa kwa mambo haya mawili, ingawa yameandikwa kwenye tangazo.

Hapa tunaomba tuwaonye juu ya jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi. Wengi wenu hamna kompyuta, mnakwenda kwenye stesheneri na kumwomba kijana wa pale awafungulie akaunti. Anaweka namba yake ya simu, anaweka nywila anayoijua yeye, mnalipa, mnaondoka. Baada ya miezi mitatu jina lako linatoka kwenye orodha ya usaili, na yule kijana amekwisha kuhamia mji mwingine. Msaidiwe, ndiyo, lakini namba ya simu iwe yako, barua pepe iwe yako, na nywila uiandike kwenye daftari lako mwenyewe. Aidha, mkoa unaoishi sasa uuandike sawasawa. Miaka ya karibuni usaili wa mchujo wa nafasi nyingi umekuwa ukifanyika mikoani, na mtu aliyeandika Dar es Salaam ilhali anaishi Kigoma anaweza kujikuta amepangiwa kituo ambacho nauli yake hana.

Anwani ya barua pepe nayo iwe ya jina lako. Tunapokea maombi ya kazi ya uhasibu kutoka kwa mtu aliyejiita mtoto wa mjini, au mkali wa kitaa. Tunacheka, lakini tunakumbuka.

Sasa tuseme juu ya vyeti vya kughushi, maana tunajua vinauzwa na tunajua mnashawishiwa. Mwezi Aprili 2017, huko Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliokutwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Waliondolewa kazini. Kati yao walikuwamo watu waliofanya kazi kwa miaka mingi, wenye watoto shuleni na mikopo benki. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuwarudishia michango ya mifuko ya jamii waliyokatwa kwenye mishahara yao, na hilo lilikuwa jambo la huruma, lakini kazi hazikurudi. Sisi hatusemi kwamba wote walikuwa wafanyakazi wabaya. Huenda wengine walikuwa hodari kuliko wenye vyeti halali. Lakini mtu aliyeingia kazini kwa karatasi ya uongo anafanya kazi miaka yote akisubiri siku ya kukaguliwa.

Na yule mwenye ujuzi ambaye hana cheti? Wapo wengi hapa: mmejifunza useremala kwa mjomba, au ufundi magari chini ya mwembe, na mikono yenu inajua. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti kinachotambulika. Ulizeni kwenye chuo cha VETA kilicho karibu nanyi. Ni njia ndefu kidogo kuliko kununua karatasi kwa mtu wa kichochoroni, ila cheti chake hakina siku ya kukuumbua.

Kusoma tangazo na kuandika barua

Tangazo la kazi lisomwe kama mtihani unavyosomwa, polepole na kwa kalamu mkononi. Tuchukue nafasi ya dereva, kwa kuwa wengi wenu mnaipenda. Matangazo ya serikali kwa nafasi hiyo kwa kawaida hutaka mtu mwenye elimu ya kidato cha nne, leseni ya daraja C au E ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya uendeshaji yaliyotolewa na VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Hayo ni masharti manne au matano katika sentensi moja. Waombaji wengi huambatisha leseni na kuishia hapo. Lakini maneno "ameifanyia kazi mwaka mmoja" maana yake ni kwamba utaulizwa ulimwendesha nani, gari gani, kutoka wapi hadi wapi. Na maneno "bila kusababisha ajali" maana yake ni kwamba unahitaji mtu wa kukushuhudia. Kama uliendesha gari la mzee wa duka la jumla, mwombe barua yenye sahihi yake na namba yake ya simu. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko sifa kumi utakazojipa mwenyewe. Tangazo hilohilo likieleza kwamba dereva atakagua gari kabla na baada ya safari, atafanya matengenezo madogo madogo na kujaza daftari la safari, hayo nayo ni maswali ya usaili yamekwisha kutajwa mbele yako. Anayesoma tangazo hivi anaingia kwenye chumba cha usaili akiwa amekwisha kujua nusu ya atakayoulizwa.

Ukiona hutimizi sharti la msingi, usiombe kwa kubahatisha. Utapoteza nauli na vocha bure. Lakini kama tangazo linasema "itakuwa ni sifa ya nyongeza", hilo lisikutishe, omba.

Twende kwenye barua. Barua tunazopokea zinafanana kama mayai ya trei moja. Zinaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu mwombaji anasema ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, anayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu na bila kusimamiwa, kisha anatanguliza shukrani. Tukisoma barua mia moja za namna hiyo hatumjui hata mmoja wao. Hakuna mwizi aliyewahi kuandika kwamba yeye si mwaminifu.

Sasa sikilizeni hii: "Kuanzia Machi 2022 hadi Novemba 2023 nilikuwa msaidizi wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilipokea na kutoa saruji, nondo na mabati, nikajaza daftari la stoo kila jioni, na kila Jumamosi tulihesabu mali iliyobaki pamoja na mwenye duka." Hapa neno uaminifu halikutajwa, lakini msomaji ameliona. Anaona pia kwamba huyu anaijua kazi, maana mtu asiyewahi kushika stoo hajui habari ya kuhesabu mali na kulinganisha na daftari. Barua ya namna hii haizidi ukurasa mmoja. Taja nafasi unayoomba na mahali ulipoona tangazo, eleza mambo mawili au matatu uliyofanya yanayohusiana na kazi hiyo, taja ulichoambatisha, weka sahihi na namba ya simu. Basi.

Mnauliza, na ambaye hajawahi kuajiriwa aandike nini? Swali hili tunaulizwa kila mahali, na kila mahali tunajibu kwa kuuliza nasi: umekuwa ukifanya nini tangu umalize shule? Mmoja atasema ni mtunza hazina wa kwaya. Kwa muda gani? Miaka mitatu. Fedha mnaweka wapi? Benki, na sahihi ni tatu. Kijana huyo hajui kwamba amekwisha kufanya kazi ya fedha. Mwingine ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, anaandika kumbukumbu za vikao. Mwingine alifuga kuku mia mbili, wakafa kwa mdondo, akaanza upya kwa chanjo. Huyo akiomba kazi kwenye mradi wa mifugo ana cha kusimulia. Mafunzo kwa vitendo uliyofanya ukiwa chuoni nayo ni kazi, ilimradi useme ulifanya nini. Usiandike "nilifanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane" ukaishia hapo.

Wasifu uwe kurasa mbili, tatu zikizidi sana. Usijaze dini, kabila, uzito na urefu kama hukuulizwa. Vipindi ambavyo hukuwa na kazi viache vionekane. Ukiulizwa, sema ulikuwa unamuuguza mama au unalima. Hiyo si aibu. Kinachotutia wasiwasi ni tarehe zilizonyooshwa ili kuziba pengo, kwa maana tukipiga simu kwa mwajiri wa zamani pengo linatokea, na uongo unatokea pamoja nalo.

Juu ya wadhamini, matangazo mengi huomba majina matatu. Vijana huweka majina ya wakubwa: mheshimiwa diwani, mchungaji, padri, shehe, ambao pengine hawajawahi kuona kazi ya mikono yao. Tunawaheshimu sana viongozi wetu wa dini, na barua zao tunazisoma, lakini barua inayosema "ninamfahamu tangu utoto, anatoka katika familia nzuri" haitusaidii kujua kama huyu anaweza kufunga mita ya maji. Muweke fundi mkuu aliyekusimamia, au mwalimu wako wa karakana, au mwenyekiti wa kikundi. Na umwambie kabla. Tumewahi kumpigia simu mdhamini akajibu, "Nani huyo?" Ninyi mlio viongozi mkisoma maneno haya, kijana akija kuomba barua, muulizeni amefanya nini kanisani au msikitini, mkaandike hilo.

Siku ya usaili

Simu iwe hewani na iwe na chaji. Ukipigiwa na namba usiyoijua, pokea kwa adabu, maana huenda ndiyo siku yenyewe. Uliza mahali, tarehe, saa, na kama ni usaili wa kuandika, wa vitendo au wa ana kwa ana, kisha uyarudie kwa sauti ili kuhakikisha. Nauli na malazi ni juu yako, na kwa anayetoka mbali hilo ni fedha nyingi; hivyo anza kuweka akiba kidogokidogo tangu siku uliyotuma maombi. Mwenye ndugu au jamaa mjini ampigie mapema. Fika jana yake ukiweza. Mabasi yetu mnayajua.

Mavazi yasitusumbue sana. Yawe safi, yamepigwa pasi, hayakubani wala hayakuvuki. Viatu vya kufunika vilivyopigwa kiwi. Shati la mtumba lililofuliwa linatosha kabisa, na suti ya kuazima inayokumeza inakufanya ushughulike na mikono yake badala ya maswali. Chukua vyeti halisi na nakala zake katika bahasha moja, kwa mpangilio, pamoja na kitambulisho. Mtu anayepekua mfuko mzima mbele ya jopo akitafuta cheti ametuonyesha jinsi atakavyotunza mafaili yetu.

Ukiingia, salimu mara moja kwa wote, subiri uambiwe keti. Hapa kuna jambo la malezi yetu linalohitaji kufikiriwa. Wengi wenu mmefundishwa kwamba kumtazama mkubwa usoni ni utovu wa adabu, na mnajibu mkitazama sakafu. Sisi tunaelewa. Lakini kwenye jopo anaweza kuwepo mtu aliyelelewa kwingine, naye akadhani unaficha kitu. Mtazame anayekuuliza wakati wa kujibu, kwa uso wa kawaida. Huo si ujeuri.

Swali la kwanza karibu kila mara ni "jieleze". Na jibu, karibu kila mara, ni kwamba nimezaliwa mwaka fulani, ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba, nimesoma shule ya msingi mahali fulani. Dakika tatu zinakwisha na bado tuko darasa la saba! Hatukuuliza ukoo. Sema jina, sema ulichosomea, kisha nenda moja kwa moja kwenye kazi uliyofanya inayofanana na hii, na kwa nini umeomba hii. Jizoezeni nyumbani, mmoja aulize, mwingine ajibu, kwa saa ya simu. Dakika mbili zinatosha.

Maswali mengine huanza na "utafanya nini iwapo". Iwapo umekuta mali imepungua stoo. Iwapo mkubwa wako amekuagiza utoe mafuta ya gari bila hati. Usijibu kwa hotuba juu ya maadili. Jibu kwa hatua: kwanza nitahesabu tena, pili nitalinganisha na daftari, tatu nitamwarifu msimamizi kwa maandishi siku hiyohiyo. Na kama jambo la namna hiyo lilikwisha kukutokea, litaje, maana lililotokea lina nguvu kuliko la kudhani.

Utakutana na swali usilolijua. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa wanaona ni aibu kukaa kimya, wanaanza kuzunguka. Jopo linajua majibu, au angalau mmoja wetu anajua, na baada ya sentensi mbili tunatazamana. Sema tu, "Hilo sijawahi kulifanya. Nililofanya lililo karibu nalo ni hili," ukalieleza. Tumewapa alama nzuri watu waliojibu hivyo, kwa maana sasa tunajua kwamba aliposema anajua, alikuwa anajua kweli.

Usaili ukiwa kwa Kiingereza na maneno yakakukwama, omba kwa adabu ufafanue kwa Kiswahili. Huenda wakakubali, huenda wasikubali, lakini kuomba si kosa. Kibaya ni kuitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa.

Ukiulizwa kwa nini uliacha kazi ya zamani, usimseme vibaya mwajiri wako wa kwanza hata kama alikudhulumu. Taja ukweli kwa ufupi: mkataba ulikwisha, mshahara haukulipwa miezi miwili, nilirudi kuuguza. Juu ya mshahara, ulizia kabla wenzako wa kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani, na ujue kwamba serikali hutangaza kima cha chini kwa kila sekta. Taja kiwango unachoweza kuishi nacho. Yule anayesema "chochote mtakachonipa" hatudanganyi kwamba ni mnyenyekevu. Tunajua baada ya miezi mitatu ataondoka.

Mafundi, kwenu usaili mara nyingi ni wa vitendo. Msimamizi hatazami mwisho wa kazi tu. Fundi umeme anatazamwa kama amezima swichi kuu na kupima kwa testa kabla ya kugusa waya. Mpishi anatazamwa kama amenawa mikono. Seremala kama amepima mara mbili kabla ya kukata, na kama amefagia maranda yake kabla ya kuondoka. Anayekimbilia kumaliza haraka anapoteza alama hizo, ingawa meza yake imesimama.

Mwisho jopo litakuuliza kama una swali. Uliza juu ya kazi yenyewe: nitaripoti kwa nani, kituo kiko wapi, majibu yatatoka lini. Shukuru, toka.

Yasiyofaa mezani

Wapo watakaokuomba fedha. Fedha ya fomu, fedha ya sare, fedha ya kitambulisho, "tuma kwenye namba hii uingizwe kwenye orodha". Mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji. Akikuomba fedha kabla ya kukupa kazi, hakuna kazi.

Na mabinti, na wakati mwingine vijana wa kiume, wapo watakaoombwa miili yao. Tunasema hili wazi mbele ya wazazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inataja kwamba mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira ametenda kosa. Usimfuate kwenye nyumba ya wageni kwa ajili ya "kumalizia usaili". Tunza ujumbe aliokutumia, usiufute. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na piga simu TAKUKURU, namba 113, haina malipo. Tunajua ni vigumu, na tunajua kazi yenyewe huenda ukaikosa. Hatutawaambia kwamba haki inakuja upesi. Lakini kijana aliyepewa kazi kwa njia hiyo ataendelea kudaiwa kila mwezi.

Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu au maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na inamhesabu mwombaji wa kazi pamoja na waajiriwa. Binti akiulizwa "una mpango wa kuzaa lini?" anaweza kujibu kwa upole kwamba majukumu ya kazi hii ameyasoma na atayamudu, akanyamaza. Na ninyi wakuu wa vituo vya afya, shule na miradi ya dini, ambao jarida hili linawafikia, swali hilo msiliulize, wala msimuulize mlinzi au fundi bomba anasali wapi. Tunalisema kwa sababu tunaketi nanyi kwenye majopo hayo.

Jina lako lisipotoka, usiifiche simu wala usimkasirikie mama. Andika maswali uliyoulizwa ungali unayakumbuka, usiku uleule, kwenye daftari. Maswali hurudi. Wapo walioajiriwa kwenye ombi la sita au la saba, na madaftari yao tumeyaona yalivyochakaa.

Tumekaa muda mrefu, na chai imekwisha kufika. Wenye barua na vyeti wavilete hapa mezani, mmoja mmoja, tuvisome pamoja mpaka saa kumi. Anayeona majina yake hayalingani aanze kupanga mstari upande huu.